Mtoto wa miaka 3 chomboni, Lamu

Dada, umeuliza kama familia yenye mtoto wa miaka 3 inaweza kuishi kwenye mashua ya tanga hapa Lamu. Yawezekana, sisi tumekaa na wawili, nanga ikiwa mbele ya kijiji cha Shela. Kinachonitia hofu ni mkondo. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hupanda na kushuka kama mita 3, na kati ya Shela na kisiwa cha Manda maji hukimbia kwelikweli. Mtoto akitumbukia, atachukuliwa hata hujafika ukingoni. Kwa hiyo wangu hawatoki chumbani bila jaketi la kuokoa maisha, na la mdogo lina ukanda unaopita katikati ya miguu. Tulipomjaribisha ufukweni bila ukanda ule, jaketi lilipanda likamziba uso, akaanza kulia. Tangu siku ile naukagua mwenyewe.

Maji ya kunywa twabeba kwa madumu ya lita 20, utazoea. Ila msianze wakati wa kusi, upepo wa kusini, hasa Juni hadi Agosti, bahari ya nje huchafuka. Subirini kaskazi, upepo wa kaskazini, ishike, Desemba hivi. Na kabla ya kuogelea, mfunze kuelea chali.