Ulikwenda kwa Wamaya Ukaona Mawe Tu?

Msomaji mmoja ameniandikia kwa uchungu. Alipanda basi la watalii kutoka Cancún, mji wa ufukweni wa Mexico, akazungushwa kwenye magofu ya Wamaya, watu wa kale wa Mexico na Amerika ya Kati, jua likiwa utosini, akarudi na picha 200 na sentensi moja: "Niliona mawe tu." Sasa anaomba orodha ya magofu mengine. Orodha haitamsaidia. Kilichomwangusha ni saa aliyofika na mahali aliposimama.

Nakshi nyingi za Wamaya zimechongwa kwa kina kidogo, na nakshi ya namna hiyo huishi kwa kivuli chake. Saa sita mchana kivuli hufa, jiwe likabaki kama ukuta uliopigwa lipu. Ingia geti linapofunguliwa saa mbili asubuhi, au subiri jua la alasiri. Penye giza tumia tochi, lakini usilimulike jiwe uso kwa uso. Nyoosha mkono, ishike pembeni, mwanga upite karibu sambamba na jiwe. Hapo vidole, shanga na manyoya vitaanza kujitokeza kimoja kimoja.

Anayetaka sanaa, si picha ya kujionyesha mbele ya piramidi, aende Chiapas, kusini mwa Mexico, alale mji wa Palenque siku tatu. Mwenye viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza au Schengen haombi viza ya Mexico. Pasipoti halisi, si nakala, itembee nawe kila siku, maana barabara ya kuelekea mpaka wa Guatemala ina vizuizi vya uhamiaji. Uliza hotelini kama njia iko salama wiki hiyo. Kuna nyakati haipitiki. Beba peso taslimu, noti ndogondogo.

Anza na Yaxchilán, magofu ya mji wa Wamaya msituni, ambayo hayafikiki kwa gari. Ondoka Palenque saa kumi na moja alfajiri, uendeshwe kwa muda wa saa tatu hivi hadi kijiji cha Frontera Corozal, kisha ushuke na boti mto Usumacinta kwa dakika 40 hivi, Guatemala ikiwa ng'ambo ya pili. Boti hukodiwa nzima, kwa hiyo tafuta wenzako mchangie. Patana na nahodha muda wa kukusubiri kabla hujakanyaga boti. Akisema saa mbili, omba tatu, kwa sababu mbili hazitoshi. Viatu viwe vya soli yenye meno: ngazi za kupanda Jengo la 33 ni ndefu, na jiwe la chokaa lenye ukungu huteleza kama sabuni. Njia ya kuingilia hupita ndani ya Jengo la 19, linaloitwa Labirinto, yaani njia za kupoteana, giza totoro na popo juu. Hapo ndipo wengi hukumbuka kwamba tochi wameiacha hotelini.

Utajiri wa Yaxchilán uko kwenye lenta, ndiyo, ile ile ya mafundi wetu wa ujenzi, boriti ya juu ya mlango. Wamaya waliichonga upande wa chini, kwa hiyo anayepita mlangoni akiangalia miguu yake haoni kitu. Simama katikati ya mlango, inua kichwa. Ukiona watu wamepinduka, geuka utazame kutoka upande wa pili. Shingo ikichoka, shika kioo kidogo kifuani utazame humo. Jengo la 33 bado lina lenta zake tatu mahali pake, za mfalme Ndege Jaguar wa 4, aliyetawazwa mwaka 752.

Jengo la 23 lilikuwa la malkia, Bibi K'abal Xook, na lenta zake tatu maarufu hazipo pale. Lenta 24 na 25 zilipelekwa London katika karne ya 19 na Alfred Maudslay. Ya 24, yenye tarehe ya mwaka 709, inamwonyesha malkia amepiga magoti akipitisha kamba ya miiba katika ulimi wake, na mumewe amemshikia mwenge juu. Kagua nguo yake kabla ya damu: mafumo ya kitambaa yamechongwa kwa usahihi ambao mshonaji angeweza kuyafuata. Kwenye ya 25 maandishi yamechongwa kinyume, kama yanavyoonekana kwenye kioo. Kioo chako cha mfukoni kitayanyoosha.

Kwa kawaida maandishi ya Wamaya husomwa kwa safu mbili mbili: kisanduku cha kushoto, cha kulia, kisha unashuka mstari. Kwenye namba zao, nukta ni 1, ufito ni 5. Fito mbili na nukta tatu ni 13. Hilo tu linatosha kukuonyesha tarehe ziko wapi.

Siku nyingine nenda Bonampak, magofu mengine ya Wamaya, ambako magari ya Walacandón, wenyeji wa msitu ule, hukupeleka kipande cha mwisho. Michoro ya rangi ya miaka ya 790 iko katika vyumba vitatu, na watu huingia wachache wachache. Acha begi nje, zima flashi, na tochi ibaki mfukoni. Subiri jicho lizoee giza. Chumba cha pili ndicho kinachowaponza wageni: huingia, wakaona vita kwenye kuta za mbele na pembeni, wakatoka. Geuka! Juu ya mlango ulioingilia wamo mateka kwenye ngazi, damu ikiwachuruzika vidoleni. Pale ndipo mchoraji alipomaliza ufundi wake wote.

Magofu ya Palenque yenyewe nitayapitia haraka. Kaburi la mfalme wake Pakal, lililogunduliwa mwaka 1952, halifunguliwi kwa wageni wa kawaida. Nakala ya kifuniko cha jeneza lake la mawe iko kwenye makumbusho ya hapo hapo. Itazame kwa wima. Wanaodai kwamba wanaona mtu ndani ya roketi ni wale wanaoilaza kwa ubavu.

Nawe unayeishi London, Lenta 24 na 25 ziko British Museum, chumba namba 27, na kiingilio ni bure. Ya tatu, namba 26, iko Makumbusho ya Taifa ya Anthropolojia, Mexico City. Ukitua Mexico City, ianze hiyo kabla hujashika njia ya kusini.