Jibu: Kwa nini babu yetu mpagazi hana kaburi lenye jina?

Kamwene mkuu. Umeuliza kwa nini mzee wenu, mpagazi (mbeba mizigo wa jeshi) wa vita vya 1914–1918, haonekani kwenye makaburi ya vita pale Iringa mjini. Yale mawe ni ya askari. Wapagazi wengi walizikwa kandokando ya njia, majina hayakuandikwa. Waingereza peke yao walitumia wapagazi karibu 1,000,000, na waliokufa hukadiriwa karibu 95,000, wengi kwa kuhara, malaria na nimonia, si risasi. Sanamu ya Askari Dar, ya 1927, inawataja kwa jumla tu. Kariakoo nayo ni hao hao: Carrier Corps, yaani kikosi cha wabeba mizigo, ikatamkwa kwetu.

Na huku nyumbani je? Mahindi yalichukuliwa, ng'ombe pia, mama akabaki na jembe na watoto. Kisha 1918 ikaja homa ya mafua. Hilo mimi naona ndilo lililosahaulika zaidi.

Kaa na mabibi wa ukoo. Usiwaulize mwaka (watakuchoka), uliza nani alizaliwa wakati wa njaa ile, na nani alipewa jina la asiyerudi. Bibi yangu wa Njombe alinitajia watatu tukipukuchua mahindi.