Serikali ikikuletea mbegu mpya, uliza habari za msimu wa pili

Mimi ni mkulima wa pamba hapa Mpeketoni, Lamu, na ndiye katibu wa kikundi chetu. Mkutano wa mbegu ukiitishwa, mimi ndiye hukaa mbele na daftari. Tangu Baraza la Mawaziri la Kenya liidhinishe pamba ya Bt, yaani pamba iliyobadilishwa jeni ili ijikinge na funza, mnamo Desemba 2019, nimekaa katika mikutano mingi ya namna hiyo, na ninayoandika hapa nimeyapata humo na shambani kwangu. Namwandikia mkulima ambaye hema la mikutano hiyo halijafika kijijini kwake. Litafika tu.

Jambo la kwanza ni kujua nani ni nani pale mezani. Utamkuta mtafiti wa KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, afisa wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia, afisa wa kilimo wa kaunti, na wakala wa kampuni inayouza mbegu. Wote wamekaa meza moja, wote wanasifia, na mkulima anaondoka akiamini amesikia kauli moja ya serikali. Hapana. Mamlaka iliundwa kwa sheria ya mwaka 2009, na kazi yake ni kupima usalama wa mbegu kwa watu, mifugo na mazingira. Haikuahidi kwamba mbegu hiyo itakuletea faida. Mtafiti anajua yaliyotokea kwenye shamba la majaribio, ambako palizi na dawa havikosekani. Wakala yuko kazini, anauza. Basi swali la usalama mpe wa Mamlaka, na swali la bei ya mwakani mpe wakala, tena umuulize mbele ya chifu na watu wote.

Jambo la pili, elewa mbegu inafanya nini hasa. Ukifungua kitumba cha pamba ya kawaida kilichoshambuliwa, unakuta tundu dogo lililozibwa na kinyesi kibichi, na ndani funza amekwisha kula nyuzi kabla hazijakomaa. Pamba ya Bt imewekewa jeni za bakteria wa udongoni, kwa hiyo mmea wenyewe unatengeneza protini inayoharibu utumbo wa funza huyo. Hilo ni kweli, na kwangu limepunguza mno kubeba bomba mgongoni. Lakini protini hiyo haiwagusi vidukari, chawajani wala kidung'ata, wadudu wanaofyonza utomvu. Nimewaona majirani wakiacha kabisa kukagua shamba kwa sababu waliambiwa “hii haipuliziwi dawa”, na majani yakajikunja yote. Kagua shamba lako. Tena uliza habari za mistari ya pamba ya kawaida inayopaswa kupandwa kando ya ile ya Bt. India ilianza kulima pamba ya Bt mwaka 2002, na haikupita miaka kumi kabla ya funza wa waridi kule Gujarat kuonekana wakiizoea. Mistari ile inachelewesha usugu huo. Kwenye hema hutajwa kwa sentensi moja, wakati mwingine haitajwi.

Sasa msimu wa pili, na hapa ndipo ninapotaka usimame kidogo ufikiri. Mbegu ya mwanzo mara nyingi hutolewa bure au kwa bei ya serikali. Sisi tulizoea HART 89M, mbegu ya pamba ya kawaida, ambayo pamba ikishachambuliwa kinuni mbegu hurudi kwa mkulima. Pamba ya Bt tuliyoletewa ni chotara. Ukipanda mbegu uliyovuna, mimea inatoka mchanganyiko na mavuno yanashuka, kwa hiyo kila msimu ni kununua upya. Si dhambi, hata mahindi chotara tunanunua. Ila mvua haimngoji mtu, na mbegu inayotoka ng'ambo ikichelewa bandarini wewe umekwisha. Mwaka mmoja mbegu ilitufikia mvua ikiwa imetushinda, na tuliokuwa tumeuza akiba yetu yote ya mbegu ya zamani tulikaa mikono mitupu. Uliza: nani ataleta, lini, kwa bei gani, na ikichelewa nani anawajibika? Majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, na aliyejibu atie sahihi.

Uliza na soko. Burkina Faso ilianza kulima pamba ya Bt kwa wingi mwaka 2008. Wakulima waliipenda, funza walipungua. Lakini nyuzi zilitoka fupi, wanunuzi wakalalamika, na kufikia msimu wa 2015/16 nchi ikaanza kuiacha. Kwa hiyo kabla ya kupanda nenda kwa mwenye kinu, muulize kama ataipokea na kwa bei ipi.

Usipange maisha ya shamba lako juu ya tangazo la mkubwa yeyote. Novemba 2012 Baraza la Mawaziri lilizuia vyakula vya GMO, yaani vya mazao yaliyobadilishwa jeni, kuingia nchini. Oktoba 2022 baraza jingine likaondoa zuio hilo. Machi 2025 Mahakama ya Rufani ikasimamisha utekelezaji wa uamuzi huo wa 2022. Hapo jirani Tanzania, Januari 2021 Waziri wa Kilimo wa wakati ule, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kusitisha majaribio ya mbegu hizi. Sayansi ni ile ile, mpaka ni mmoja, na serikali zimesema mambo mawili tofauti. Serikali za nje nazo zina yao. Marekani imegharimia miradi hii kwetu tangu miaka ya 1990, ukiwemo ule wa viazi vitamu vya kustahimili virusi, uliosifiwa duniani kote. Mwaka 2004 ikaripotiwa kwamba shambani havikushinda viazi vya kawaida. Sisemi mradi unaolipiwa na wageni ni mbaya. Nasema sifa isikuingize shambani kabla ya kuona mavuno ya mkulima kama wewe, kwenye udongo kama wako.

Na kwa wanaongojea mahindi yaliyobadilishwa jeni: pamba kwa sehemu kubwa hujichavusha yenyewe, lakini chavua ya mahindi hupeperushwa na upepo hadi shamba la pili. Kabla hujapanda, kaa na jirani anayetunza mbegu ya kienyeji, mkubaliane nani apande upande gani na nani atangulie wiki kadhaa ili mahindi yasitoe mbelewele wakati mmoja. Mamlaka inapotangaza ombi la mbegu mpya hupokea maoni ya wananchi. Andikeni kama kikundi, kwa Kiswahili, mkitaja ekari zenu na mnachopanda, na nakala moja ibaki kwa katibu.