Wafadhili wakikuletea programu huria, uliza funguo zitabaki kwa nani

Ilikuwa Jumatatu, mwezi wa tatu tangu mradi wetu wa visima ufungwe. Simu iliita kabla sijamaliza chai. Alikuwa mmoja wa wakusanyaji wetu wa taarifa, dada aliyekuwa akizungukia kata mbili za Mvomero. "Kaka, fomu zimegoma kwenda." Nikamwambia huenda ni mtandao, apande kilimani. Akanijibu taratibu: "Niko kilimani tangu saa kumi na mbili na nusu." Sijakata simu, wa pili anapiga. Kisha wa tatu.

Kufika saa nne tulishajua. Domeni ya seva yetu, yaani anwani ya mtandaoni ambako simu zilipeleka fomu, ilikuwa imekwisha muda. Aliyeisajili ni mshauri mwelekezi aliyekaa Ulaya, kwa barua pepe yake na kadi yake ya benki. Mkataba ulipoisha naye akaacha kulipia, ambalo si kosa lake hata kidogo. Tulimwandikia, akajibu siku ya tisa kwa uungwana mwingi na kuomba radhi: seva yenyewe alishaifuta ili isiendelee kumtoza.

Basi tukaanza kukusanya simu, zote 14. Tulitandika mkeka ofisini, kompyuta moja, waya mmoja, tukawa tunazichomeka moja moja na kuvuta fomu zilizobaki ndani. Moja ilikuwa imefutwa kila kitu na mtoto aliyetaka nafasi ya michezo. Nyingine, nilikuja kuambiwa kwa aibu, ilishauzwa.

Nayaandika haya kwa sababu kila mwezi napata ujumbe kutoka kwa mtu wa asasi ndogo: shirika fulani la kimataifa limetuahidi mfumo wa programu huria, tukubali? Kubalini. Ila kwanza mjue mnakubali nini.

Kiswahili kina bahati hapa. Kiingereza kina neno moja kwa kitu kisicho na bei na kitu kilicho huru, na watetezi wa programu hizi wamehangaika miaka na miaka kueleza tofauti. Sisi tunayo mawili, bure na huria, halafu tukiingia ukumbini wa semina tunayachanganya. Bure ni habari ya mfuko wako: hulipii leseni. Huria ni habari ya mkono wako: unaruhusiwa kuifungua, kuisoma, kuibadilisha, kuisimika upya mahali pengine na kumpa jirani.

Waulize wakutubi wa zamani. Kuanzia 1985 UNESCO iligawa programu ya kutunza orodha za vitabu iitwayo CDS/ISIS, na maktaba nyingi za nchi zetu ziliitumia bila kulipa senti. Ilisaidia sana, sitaki kuibeza. Lakini msimbo wake, yaani maandishi ya ndani yanayoiendesha programu, ulikuwa umefungwa. Ukitaka kitu kibadilike, unasubiri wenyewe wabadilishe. Ilikuwa ya bure, haikuwa huria. Ilinganishe na Koha. Hiyo ilianzia Horowhenua, New Zealand, mwaka 1999: maktaba ya umma ilihofia mfumo wake wa zamani usingevuka mwaka 2000, ikalipa kampuni ndogo iandike mpya, kisha ikaamua kuutoa kwa leseni huria. Neno lenyewe ni la Kimaori, maana yake zawadi, na ni ile zawadi ambayo mpokeaji naye anatazamiwa kurudisha fadhila. Leo ukiingia maktaba nyingi za vyuo vya Afrika Mashariki utaikuta Koha, na vijana wa TEHAMA wa hapo hapo ndio wanaoifungua na kuirekebisha.

Sasa rudi kwenye mkeka wetu. Tulichotumia kukusanyia taarifa ni ODK, programu iliyoanza 2008 kwa watu wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, iliyokusudiwa hasa mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka. Ni huria. Kijana mmoja aliyekuwa anamalizia chuo aliipakua, akakodi seva ndogo mtandaoni kwa bei ya vocha za mwezi, na siku ya pili jioni fomu zikaanza kuingia. Hatukuomba ruhusa kwa mtu. Kilichokufa moja kwa moja ni dashibodi, ile yenye ramani na visima vya rangi ambayo wageni wote walipigwa picha mbele yake. Mshauri aliiandika mwenyewe juu ya ODK, msimbo wake haukuwekwa mahali popote, na sisi hatukuuliza. Andiko la mradi lilisema mfumo wote ni wa programu huria. Nusu yake ndiyo ilikuwa kweli, na nusu hiyo ndiyo iliyotuokoa.

Tangu hapo nimekuwa nikitazama jinsi mashirika makubwa yanavyolifanya jambo hili, na mfano ninaourudia kila mara ni DHIS2, mfumo huria wa kukusanya takwimu za afya. Kila zahanati ya Tanzania ina vitabu vya MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya. Muuguzi anachora vistari vya kuhesabu wagonjwa, mwisho wa mwezi anajumlisha, na jumla ile ndiyo inayoingia DHIS2. Mfumo huu mizizi yake iko Afrika Kusini, katika miaka ya mwanzo baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, ambapo watafiti wa huko na wa Chuo Kikuu cha Oslo walikuwa wanatafuta namna ya kuzipa wilaya takwimu zao wenyewe. Toleo la mtandaoni lilijaribiwa Kerala, India, mwaka 2006. Kenya ililisambaza nchi nzima 2011. Sasa liko katika nchi zaidi ya 70.

Nani analipa? Norad, shirika la misaada la Norway, Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, UNICEF, Gavi ya chanjo na wengine. Lakini angalia wanalipia nini. Kiini cha programu kinatunzwa Oslo, kila nchi inakipata bila leseni ya kununua. Fedha nyingine inakwenda kwa watu: wahadhiri wetu wamekwenda Oslo kusomea uzamivu wakarudi, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikawa na timu inayoandika vijiprogramu vya DHIS2 vinavyotumiwa hata nje ya Tanzania. Mfadhili wa mradi mmoja akiondoka, watu hawa hawaondoki naye.

Na msaada hautoki upande mmoja tu. Januari 2020 Wasri Lanka waliongeza kwenye DHIS2 sehemu ya kufuatilia wasafiri kwa ajili ya korona. Nchi nyingine zikaichukua, na kabla mwaka haujaisha halmashauri za Norway, waliofadhili kitu chenyewe, zilikuwa zinafuatilia wagonjwa wao kwa mfumo uliojengwa juu ya DHIS2. Nikiwasimulia watu hili kwenye mafunzo huwa wananyamaza kidogo, kisha mmoja anacheka.

Upo pia mfano wa Dar es Salaam, Ramani Huria, ulioanza 2015 kwa fedha za Benki ya Dunia. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitembea Tandale na mitaa mingine inayofurika, wakishirikiana na wakazi kuchora mitaro, vichochoro na nyumba kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia na kuihariri. Ninachokipenda hapo si ramani tu. Baada ya awamu za ufadhili kupita, ilibaki asasi ya Kitanzania, OpenMap Development Tanzania, yenye vijana walioanza kwa kutembea kwenye tope na simu mkononi.

Upande wa pili wa shilingi nao upo. Mashirika yana tabia ya kila moja kuja na kijimradi chake cha majaribio. Uganda ilifika mahali, Januari 2012, Wizara ya Afya ikasimamisha majaribio ya afya kwa simu kwa sababu yalikuwa mengi mno na mifumo yake haizungumzi yenyewe kwa yenyewe. Kuwa huria hakukuzuii kuwa kero. Nimemwona afisa wa wilaya mwenye simu tatu mezani, kila moja ya mfadhili wake, zote zikimuuliza idadi ile ile ya vyoo.

Kwa hiyo ukiitwa mezani, mambo yenyewe yaandikwe kwenye hadidu za rejea za mshauri, maana kikao kikiisha maneno nayo huisha. Domeni isajiliwe kwa jina la asasi, kwa barua pepe ya ofisi, siyo ya mtu. Nywila kuu zijulikane na watu wawili wa kwenu. Msimbo wowote mpya uwekwe hadharani, kwenye tovuti za kuhifadhia msimbo kama GitHub au GitLab, tangu wiki ya kwanza, na leseni yake itajwe jina; ukiambiwa "tutauweka mwishoni" ujue hautawekwa. Na kwenye bajeti kiwepo kifungu cha seva na fundi kwa miaka miwili baada ya mradi. Wafadhili hawapendi kifungu hicho. Kiombeni hivyo hivyo. Sisi mara ya pili tulipewa mwaka mmoja na nusu kwa kuking'ang'ania tu.

Lililo kubwa zaidi ni zoezi ambalo pale kwetu tunaliita kuua seva. Kabla ya kumlipa mshauri fungu la mwisho, anakaa kwenye kiti, mikono mapajani, haruhusiwi kugusa kitu. Mtu wenu anachukua bakapu, yaani nakala ya akiba, ya jana na maelekezo yaliyoandikwa, anasimika mfumo upya kwenye kompyuta tupu. Tulipolifanya mara ya kwanza, kwenye mradi uliofuata, tulifungua folda ya bakapu tukakuta mafaili yamejipanga vizuri kwa tarehe, kila usiku moja, na kila moja lina ukubwa wa sifuri. Tangu Aprili. Ilikuwa Septemba. Mshauri alibadilika rangi, lakini alikuwa bado hajalipwa, basi akakaa siku tatu zaidi akarekebisha. Angekuwa ameshapanda ndege, hadithi ingekuwa ya mkeka tena.

Kuhusu mafunzo, nitasema lile ambalo wote tunalijua. Semina ya siku tano ya mfumo wetu wa kwanza ilifanyika hotelini, na waliohudhuria ni wakuu wa vitengo, kwa sababu ya posho. Dada aliyekuja kuutumia kila siku alibaki ofisini akipokea simu. Dai orodha ya washiriki kabla, na jina la anayeingiza taarifa kila siku liwe la kwanza. Ukishindwa kwa siasa za ofisi, omba siku mbili za mafunzo ofisini kwenu bila posho wala chai ya hoteli. Watakaokuja ndio hasa unaowataka.

Tazama lugha pia. Fomu yetu ya mwanzo ilitungwa kwa Kiingereza kisha ikatafsiriwa, likaingia swali "Je, kisima kinafanya kazi?" Kiko kisima kinachotoa maji alfajiri tu halafu kinakauka. Mmoja alijaza ndiyo, mwingine hapana, wote wa kweli. Fomu ya ODK ni jedwali tu la Excel, hivyo hakuna wa kukuzuia. Tulikaa na wakusanyaji chini ya mwembe, tukaandika upya: "Leo kimejaza ndoo ngapi kabla ya kukauka?" Takwimu zikaanza kueleweka. Uhuru wa kubadilisha programu wengi wanaufikiria kama kazi ya waandishi wa msimbo, kumbe mara nyingi ni kubadilisha swali.

Kama mnatafuta mfumo na hamjui pa kuanzia, angalieni sajili ya Digital Public Goods Alliance, umoja ulioanzishwa 2019 ukiwa na Norway, Sierra Leone na UNICEF miongoni mwa waasisi. Programu haiingii humo kabla ya kupimwa kwa vigezo 9, kimojawapo leseni iliyo wazi. Kuwemo humo si hakikisho kwamba itakufaa, lakini inakuondolea wale wanaouza kitu kilichofungwa kwa jina la huria. Na ikiwa nyie ndio mnaounda, UNICEF ina mfuko unaotoa hadi dola 100,000 kwa kampuni changa za nchi zetu bila kuchukua hisa, kwa sharti kwamba kazi yenu iwe huria.

Taarifa zenyewe ni suala jingine. Programu kuwa huria haina maana majina ya wagonjwa au ya wenye visima yawe hadharani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Isomwe kabla ya kuamua seva ikae nchi gani.

Seva yetu bado inatembea. Yule kijana sasa ana ajira mjini, ila huja Jumamosi moja kila baada ya miezi kadhaa, tunamlipa nauli na kitu kidogo, naye anamfundisha binti wa mapokezi ambaye ameonekana kuielewa kuliko mimi. Domeni inalipiwa kila Machi. Tarehe imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, na chini yake namba ya simu ya mhasibu.