Barua ya daktari ndiyo mwanzo wa safari

Mdogo wangu, umeniuliza mara mbili na mara zote nimekukwepa. Umesikia kwamba huku Marekani ukiwa na barua ya daktari hulazimishwi chanjo kazini, na bosi akikufukuza unamshitaki, unatajirika. Hilo la kwanza lina ukweli kiasi. Hilo la pili lisahau.

Mimi yamenikuta. Mwaka 2021 nilikuwa nahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Dozi ya kwanza ya chanjo ya korona ilinivimbisha midomo na koo, nikakimbizwa hospitali. Daktari akaandika nisipewe ya pili. Nikaipeleka barua kazini, nikadhani yamekwisha. Kumbe ndiyo yanaanza. Wakanipa fomu: mzio wa kitu gani, ulithibitishwaje, utadumu muda gani? Ikarudishwa mara mbili. Mwisho wakanikubalia, ila wakanitoa kwa wazee wakanipeleka chumba cha kufulia. Saa zikapungua, na mshahara nao ukafuata.

Nikaenda kwa wakili nikiwa nimewaka moto. Akaniuliza swali moja: wamekufukuza? Nikasema hapana. Akasema basi wamekupa nafuu. Sheria haikuahidi nafuu unayoipenda wewe.

Sheria yenyewe ni ile ya watu wenye ulemavu, ADA, ya mwaka 1990. Inambana mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi: akae nawe, mtafute njia ya wewe kufanya kazi, mradi isiwe mzigo mkubwa kwake wala wewe usiwe hatari kwa wengine. Lakini kwanza uthibitishe kwamba hali yako inahesabika kuwa ulemavu, na hapo ndipo kesi nyingi zinapokwama. Barua ya mstari mmoja, "asichanjwe", haifiki mbali. Wanaodai kwa sababu ya dini wako chini ya sheria nyingine, ya mwaka 1964, kwa hiyo usichukue hadithi ya mlokole fulani ukaipima kwa yangu.

Halafu kazi unayofanya nayo ina uzito wake. Januari 13, 2022, Mahakama ya Juu ilitoa maamuzi mawili siku moja. Amri ya serikali kuu ya chanjo ya korona au vipimo kwa kampuni zenye wafanyakazi 100 na kuendelea ilizuiwa. Ya watumishi wa vituo vya afya vinavyolipwa na bima za serikali ikapita, kura 5 kwa 4. Rafiki yangu wa ghalani akapumua. Mimi nikabaki na faili langu.

Na ukifukuzwa kweli? Unalalamika kwanza kwenye tume ya serikali ya usawa kazini, EEOC. Ni bure, lakini una siku 180, au 300 katika majimbo mengine. Wakikupa barua ya ruhusa, una siku 90 tu kufungua kesi mahakamani. Siku hizo zote kodi ya nyumba haisubiri, na ambaye kibali chake kinamtegemea mwajiri hulala macho wazi. Wengi huchukua kifuta jasho, wakasaini, wakanyamaza. Siwalaumu.

Mimi nilirudi kwa wazee mwaka 2023, amri ilipoondolewa. Saa nilizopoteza hakuna aliyenirudishia. Faili ninalo bado, kila karatasi na tarehe yake. Ukija, utalisoma.