Modemu ya 56K au ruta ya 4G kwa gemu, Mwanza?

Mkuu, nimekusoma: uko Mabatini, unataka intaneti ya nyumbani na ya gemu, na jamaa anakuuzia modemu ya zamani ya kupiga simu, ile ya 56K. Usinunue, hata akikupa kwa bei ya karanga. Mwisho wake ni kilobiti 56 kwa sekunde, na inataka simu ya mezani. Sasisho la gemu la gigabaiti 1 tu litakula kama saa 40!

Tafuta ruta ya 4G isiyofungwa kwa mtandao mmoja, yenye matundu ya antena ya nje na ya kebo. Kasi iliyoandikwa kwenye boksi isikudanganye. Gemu inataka pingi (muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi) ndogo isiyorukaruka. Mimi niko Bwiru, na jiwe likikaa kati yako na mnara, umekwisha. Niliteseka miezi miwili kumbe dawa ilikuwa kuhamishia ruta dirisha la pili.

Kwa hiyo kabla ya kununua, azima laini za mitandao tofauti, upime pingi saa 2 usiku watu wakiwa wamejaa mtandaoni. Ukishapata ruta, angalia RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara kwa dBm, kwenye ukurasa wake wa mipangilio: -85 ni safi, -110 sahau. Cheza kwa kebo, si Wi-Fi.

Antena ya paani mwachie fundi umeme aiwekee ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini. Radi za ziwa hili unazijua. Ukiona wingu linajikusanya, chomoa mapema.

Ila kama faiba, intaneti ya waya, imefika mtaani kwenu, achana na haya yote.