Vipele kwenye majani ya mwembe: usikimbilie dawa kwanza

Shikamoo dada wa Muheza, umeuliza hivyo vinundu kwenye majani ya mwembe wako ni ukurutu au wadudu na kama upige dawa. Chukua wembe ukate kinundu kimoja, ukikuta kafunza kadogo ka njano ndani basi ni usubi wa vinundu, kainzi kama kambu kadogo hivi, kakubwa hakazidi milimita mbili.

Mama yao anataga kwenye majani machanga tu, yale laini yenye rangi ya shaba, alafu funza akiingia ndani jani lenyewe linamjengea nyumba, yaani linavimba kumzunguka na yeye anakula humohumo, hatoki mpaka ageuke pupa ndo atoboe aruke. Akishakuwa mkubwa anaishi siku chache sana, kazi yake kupandana na kutaga basi.

Ila sio wote wanatoka hivyo, kule Marekani kuna nzi mwingine wa vinundu, nzi kabisa huyu sio usubi, anakaa kwenye shina la ua la goldenrod, na mkubwa hana mdomo wa kutafuna, kwa hiyo funza ndo anachimba njia ya kutokea mapema, asipochimba imekula kwake!

Sasa dawa, ukipiga leo kinundu kimeshafunga hela yako imeenda, funza yuko ndani anakuangalia tu. Punguza matawi yaliyojaa vinundu, choma na majani yaliyodondoka. Mwembe mkubwa unavumilia, miche ndo uiangalie ikianza kutoa majani mapya.